Faradhi ya Kumuuguza Mzee

Hospitali ya wilaya, kama wanavyoijua wakazi wa Nachingwea na Ruangwa, imepangwa kwa kuamini kwamba mgonjwa huingia, hutibiwa, kisha huruhusiwa, na kila kilichomo ndani yake, tangu idadi ya vitanda hadi zamu za wauguzi na dawa zinazoagizwa, hufuata imani hiyo. Mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, au aliyevunjika nyonga akiwa na miaka 80, au aliyesahau hata majina ya wanawe, haenei katika mpango huo, kwa sababu hatarudia hali yake ya zamani, ilhali anaweza kuishi miaka mingine mingi akihitaji kuogeshwa, kulishwa, kugeuzwa kitandani na kushikwa mkono kwenda chooni. Msaada wa namna hii wataalamu huuita huduma ya muda mrefu, yaani matunzo ya kila siku anayopewa mtu ambaye uwezo wake wa kujihudumia umepungua na hautazamiwi kurejea. Mjadala wake huanzia kwenye fedha na majengo, na ni haki uanzie huko, lakini chini ya hesabu hizo limelala swali la maadili ambalo ni la kale kuliko hospitali zote: mzee asiyejiweza anamdai nani? Uislamu na Ukristo, dini zinazofuatwa na wakazi wengi wa wilaya hizi mbili, zina jibu linalokaribiana kuliko inavyodhaniwa, na jibu hilo haliishii mlangoni kwa watoto wake.

Nchi inayozungumziwa hapa ni bara la mkoa wa Lindi, makazi ya Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, nchi ya korosho, ufuta na mihogo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee anapofikia miaka 60, na katika sensa ya mwaka 2012 watu wa umri huo walikuwa asilimia 5.6 ya Watanzania wote, ingawa mikoa ya Lindi na Mtwara imekuwa miongoni mwa ile ambayo sehemu ya wazee ni kubwa kuliko wastani wa nchi. Sababu si kwamba watu wa Kusini huishi zaidi ya wengine, bali ni kwamba vijana huondoka. Safari ya Dar es Salaam, iliyokuwa ngumu mno kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, sasa ni ya siku moja, na kijana anayekwenda kuuza mitumba Kariakoo humwachia bibi yake nyumba, mikorosho, na mara nyingi wajukuu. Waliobaki ni kizazi kilichozaliwa katika miaka ya mradi wa karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni, na ambacho katika ujana wake kiliishi jirani na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, palepale Nachingwea. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga iling'olewa zamani, na waliokuwa watoto ilipofika sasa ndio wanaohitaji kushikwa mkono.

Ili swali la deni lieleweke, inafaa kutazama kwa karibu usiku mmoja wa wodini. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya mgandamizo, yaani vidonda vinavyochimbika makalioni, nyongani na visiginoni pale ngozi inapobanwa kati ya mfupa na godoro hata damu ikashindwa kupita, na namna ya kuvizuia inayofundishwa vyuoni ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 au karibu na hapo. Kwa usiku wa saa 12 hiyo ni mara 6, na kila mara inataka watu wawili wenye nguvu, shuka kavu, na macho ya kutazama kama mpira wa mkojo haukujikunja. Muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya huwa na wodi nzima mikononi mwake, pamoja na dripu za kubadilisha na wagonjwa wapya wa kupokea. Hawezi kumgeuza mzee huyu mara 6, na hakuna anayemtarajia afanye hivyo. Anayefanya ni ndugu aliyekuja kuuguza, ambaye hulala kwenye mkeka kando ya kitanda au nje barazani, hukoroga uji alfajiri, hufua, huogesha, na hutumwa duka la dawa pale dawa inapokosekana dirishani. Ndugu huyo hayumo katika orodha ya watumishi, hakufundishwa namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumchubua, na hana kitanda wala zamu ya kupumzika, na hata hivyo bila yeye huduma ya muda mrefu katika hospitali nyingi za Tanzania isingekuwepo kabisa.

Gharama ya ndugu huyo haiandikwi popote. Korosho zinapokomaa, kuanzia karibu mwezi Septemba, mabibo huanguka yenyewe chini ya mti na hutakiwa kuokotwa mapema, kwa kuwa korosho zilizolala kwenye unyevu hushuka daraja na bei yake mnadani hushuka nazo. Mwanamke wa Kilimarondo au Mandawa anayekaa mjini wiki 3 akimuuguza mama yake katika miezi hiyo hupoteza mapato ya mwaka, na akirudi atakuwa na mama asiyejiweza na ghala tupu kwa pamoja. Bima ya afya, ikiwa ni pamoja na ile iliyokusudiwa na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, hulenga gharama za matibabu, nayo ni hatua njema. Lakini mzee wa kiharusi akishatoka katika hatari ya mwanzo huhitaji mikono zaidi kuliko vidonge, na mikono ndiyo isiyokuwa na stakabadhi.

Jibu linalotolewa kwa haraka kwa swali la nani anadaiwa ni kwamba watoto wanadaiwa, kwa sababu walilelewa. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, aliitetea jamii ya jadi dhidi ya tuhuma kwamba iliwalisha wazee wavivu, akieleza kuwa mzee aliyeonekana kukaa bure alikuwa amefanya kazi kwa bidii katika ujana wake, na kwamba utajiri alioonekana kuwa nao haukuwa wake binafsi. Hoja hiyo ina uzito, na inafaa sana kwa kizazi kilichofyeka mapori ya Nachingwea. Hata hivyo matunzo yakitegemezwa juu ya malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa pekee, basi yule aliyezaliwa na ulemavu, au aliyeugua tangu ujana, au asiyebahatika kupata mtoto, hatakuwa na cha kudai. Aristotle alikwisha kuona tatizo kwa upande mwingine aliposema kuwa mtoto hawezi kamwe kuwalipa wazazi wake sawasawa na alichopewa; deni lisilolipika halifanani na madeni ya sokoni, na anayelichukulia kama mkopo wa kumaliza atafika mahali aseme yametosha. Ndiyo maana dini hazikuishia kwenye hoja ya malipo.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na Kusini mwa Tanzania, matunzo ya lazima, ambayo vitabu vya fikihi huyaita nafaqa, humwajibikia mtoto kwa mzazi wake maskini ikiwa mtoto huyo amebakiwa na kitu baada ya mahitaji yake na ya nyumba yake ya siku hiyo, na mzazi mgonjwa asiyejiweza akihitaji mtu wa kumhudumia, gharama ya mtu huyo nayo huhesabiwa ndani ya matunzo. Hadi hapo ni faradhi aini, yaani wajibu uliomshika mtu mmoja mahususi, usioondoka kwa sababu mwingine ameutekeleza wa kwake. Lakini wanazuoni hawakuacha mambo yakomee hapo. Mtoto asipokuwepo, au akiwepo lakini hana kitu, wajibu huhamia kwenye Baitulmali, yaani hazina ya umma, na hazina ikiwa tupu au haipo, huwageukia Waislamu wenye uwezo kama faradhi kifaya, ambayo ni wajibu ulioiangukia jamii yote kwa pamoja, ukitekelezwa na baadhi wengine husalimika, usipotekelezwa wote waliojua na walioweza huwa na dhambi. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika ngazi zote hizo hakuna hatua ambapo haki ya mzee inatoweka. Kinachobadilika ni mkono unaotakiwa kuitoa.

Fikihi hiyohiyo ina tofauti nyingine inayowahusu moja kwa moja wazee waliopotewa na akili. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu, uamuzi na uwezo wa kujitunza, ambayo watu wengi huyadhania kuwa ni uzee tu. Mzee wa namna hii haandikiwi dhambi kwa sala iliyompita, kwa kuwa kalamu imeinuliwa juu ya asiyekuwa na akili. Na mtu angeweza kufikiri kwamba aliyeondolewa wajibu ameondolewa na haki. Wanazuoni walikataa hitimisho hilo kwa kutenganisha ustahiki wa kutenda, unaohitaji akili, na ustahiki wa kuwa na haki, ambao humwandama binadamu maadamu yu hai. Wanafalsafa wa Ulaya walioifanya akili kuwa msingi wa utu wamelazimika kutafuta njia nyingi za kuzunguka ili kumrudishia mgonjwa wa demensia heshima ambayo msingi wao ulikuwa umemnyang'anya, na katika jambo hili, inafaa kusema wazi, mafakihi wanasimama mahali imara zaidi. Upande wa Wakristo, kitabu cha Yoshua bin Sira, kinachosomwa na Wakatoliki, humwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zake zikipungua, asimdharau kwa kuwa yeye angali na nguvu.

Utaratibu wa kuhamisha wajibu unaonekana pia katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, ambapo mtume anaelekeza kwamba mjane mwenye watoto au wajukuu atunzwe kwanza na hao, na kanisa libaki na nguvu za kuwahudumia wale wasiokuwa na mtu kabisa, walioandikwa katika orodha; na umri uliowekwa kwa kuandikwa ni miaka 60, uleule ambao serikali ya Tanzania iliuchagua karne nyingi baadaye bila shaka kwa sababu nyingine. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea walioruhusu mali iliyopasa kuwasaidia wazazi iitwe korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili mwenye nayo asiwape wazazi kitu. Kosa linalokemewa pale ni kutumia jambo jema kama kinga ya kukwepa jambo la lazima, na linaweza kutendwa kwa pande mbili. Mwana aliyelipa michango ya bima na kutuma fedha kwa simu kila mwezi anaweza kujiona ameyamaliza, ilhali dada yake ndiye anayekesha. Na ofisi ya umma inaweza kuisifu familia ya Kiafrika kwa upendo wake huku ikiifanya sifa hiyo kuwa sababu ya kutotenga hata shilingi.

Upande wa pili ndio unaostahili kuangaliwa zaidi. Sera ya mwaka 2003 inasema kwamba familia itabaki kuwa mhimili wa matunzo ya wazee na kwamba makao ya kulelea wazee yatakuwa njia ya mwisho. Kauli hiyo inakubaliana na fikihi na waraka wa Timotheo kwa pamoja, na makao ya serikali kama Nunge ya Kigamboni, Fungafunga ya Morogoro na Kolandoto ya Shinyanga yapo kwa ajili ya wasio na jamaa. Lakini kumtaja mtu kuwa wa kwanza katika wajibu si sawa na kumwezesha. Visiwani, serikali ya Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na kiasi hicho, ingawa kidogo, kilimpa mzee nauli ya hospitali isiyoombwa kwa mtoto. Tanzania Bara ina msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza na ina matangazo ukutani yanayowataka watu wampishe mzee kwanza; matangazo hayo yana adabu yake, lakini foleni ndiyo shida ndogo kuliko zote za mtu asiyeweza kuinuka kitandani.

Ndani ya familia yenyewe mzigo haugawanyiki kwa haki. Maandiko yanasema watoto, na desturi inasikia mabinti. Katika jamii hizi, ambazo kwa asili ukoo hufuata upande wa mama na mume mara nyingi alihamia kwa wakwe, binti huwa karibu na wazazi wake hata baada ya kuolewa, jambo ambalo ni akiba kubwa kwa mzee na ni kifungo kwa binti. Mkwe wa kiume, aliye jirani na mwenye nguvu, anaweza kumbeba mama mkwe kwenye bodaboda hadi kituo cha afya na kulipa gharama, lakini heshima ya ukwe haimruhusu kumvua nguo na kumwogesha, na mama mwenyewe angeona ni heri abaki mchafu. Sheria za sitara, yaani kuufunika mwili mbele ya asiyestahili kuuona, hulegezwa na dharura kwa daktari na muuguzi, ila dharura hiyo haipaswi kuwa ya kila asubuhi kwa miaka kwa sababu tu hakuna mtu mwingine. Wodi inayomtunza mzee kwa heshima huhitaji pazia kati ya vitanda, mhudumu wa kike kwa mwanamke na wa kiume kwa mwanamume, na maji ya kutosha ya kujitwaharisha kabla ya sala. Ukosefu wa vitu hivi vidogo huwafanya wazee wengine waombe kuruhusiwa kabla ya wakati.

Wanaopinga kuipa hospitali jukumu kubwa zaidi huhofia kwamba watoto watawatelekeza wazazi wodini, kama wanavyosikia kuhusu Ulaya, na kwamba radhi za wazazi zitageuzwa kuwa huduma ya kulipia. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mzee aliyetolewa kijijini na kulazwa miezi mingi hupoteza majirani, lugha ya nyumbani na mamlaka yake, na hakuna usafi wa shuka unaofidia hilo. Walakini hofu hiyo hudhani kuwa kuna njia mbili tu, kumchukua mzee au kumwachia jamaa, na historia ya karibu inaonyesha ya tatu. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilijengwa juu ya tiba shufaa, yaani huduma inayolenga kuondoa maumivu na mateso ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponyeki, na kiini chake ni muuguzi anayekwenda nyumbani na dawa ya maji ya mofini isiyo ghali, akamfundisha jamaa namna ya kuitoa. Mwana hakuondolewa katika wajibu wake. Alipewa mwalimu na chupa.

Kusini hakuko mbali na mila ya namna hiyo. Wabenediktini walioanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906 na kujenga hospitali pale, na ambao kazi yao ilienea hadi Nyangao na Mnero, huishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, ambayo sura yake ya 36 huwaweka wagonjwa mbele ya mambo yote, ikaagiza wapewe chumba chao na mhudumu mcha Mungu, na sura ya 37 huwalegezea wazee ukali wa kanuni, wale kabla ya saa zilizowekwa. Kanuni hiyo pia humtaka mgonjwa asiwachoshe wenzake kwa madai yasiyo ya lazima, na ni vyema kwamba iliandikwa, kwa kuwa maadili ya uuguzi yanayomsahau anayeuguza hayadumu. Hospitali ya jimbo iliyoko Mnero, wilayani Nachingwea, na zile za serikali za Nachingwea na Ruangwa zinaweza kufanya mengi bila jengo jipya: kumfundisha ndugu kumgeuza na kumlisha mgonjwa kabla ya kumruhusu, kumwandikia siku ya kurudi, kumkabidhi kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayekaa kijiji kilekile, kuweka mtaalamu wa utengamao atakayemzoeza mzee kusimama tena, na kumpokea mzee wodini kwa siku chache msimu wa mavuno ili binti yake aokote korosho. Pendekezo hili la mwisho litaonekana geni kwa wanaohesabu kitanda kuwa cha wanaotibiwa tu, lakini kwa kipimo cha wajibu unaohama mikono ndilo lililo sahihi kuliko yote, kwa kuwa umma hapo unampokea mwenye faradhi aini palepale uwezo wake unapokoma, kisha unamrudishia.

Linabaki suala la nani ataulizwa pasipofanyika kitu. Kwa mujibu wa mafakihi, faradhi kifaya iliyoachwa haimwangukii asiyejua na asiyeweza kujua. Humwangukia aliyejua, na aliye karibu zaidi humtangulia aliye mbali. Halmashauri zinapowatambua wazee kijiji kwa kijiji ili kuwapa vitambulisho vya matibabu bila malipo, ujuzi huo huingia ofisini, ukiwa na jina, umri na kitongoji. Orodha hiyo ikiongezewa safu ya jina la anayemuuguza mzee, na safu nyingine ya atakayempokea huyo akiugua au akichoka, wazee wengi wa Nachingwea na Ruangwa watajaziwa majina ya mabinti na wapwa, na kwa wale wasiokuwa na mtu safu ya kwanza itabidi iandikwe cheo cha mtumishi wa umma.